Unataka kazi ya kupanga njia za baiskeli na waenda kwa miguu Dar? Mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Nianze na hili maana ndo linawapotezea watu muda: ukikaa kwenye Ajira Portal unasubiri tangazo la "mpangaji wa njia za baiskeli na waenda kwa miguu" utasubiri mpaka uzeeke. Kazi ipo, tena ipo nyingi, ila imejificha ndani ya vyeo vingine. Mhandisi Daraja la II, Afisa Mipangomiji Daraja la II, mtaalamu wa usafirishaji kwenye kampuni ya ushauri, mtu wa masuala ya jamii kwenye mradi wa barabara. Unaingia kwa cheo hicho, afu ukiwa humo ndani unakuwa yule mmoja anayeuliza kwenye kikao "sasa wanaotembea watapita wapi?" na majibu anayo mkononi, ya namba na ya michoro. Huyo mtu ndo anatafutwa hata kama tangazo halisemi, na mwongozo huu wote ni wa jinsi ya kuwa yeye.

Na Dar inamhitaji sana. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 na hata anayepanda daladala au mwendokasi anaanza safari kwa miguu na anaimalizia kwa miguu, kutoka nyumbani Mbagala mpaka kituoni ni miguu, kutoka kituoni Gerezani mpaka dukani Kariakoo ni miguu. Lakini angalia hesabu zinazofanywa kabla ya kujenga barabara, magari yanahesabiwa kwa aina, pikapu mbali, lori la ekseli tatu mbali, basi mbali, binadamu anayetembea mara nyingi hana hata safu yake kwenye fomu. Asiyehesabiwa hachorewi, na asiyechorewa hawekewi pesa. Shika hapo.

Hatua ya 1: jua barabara ni ya nani

Hii ni ya haraka ila usiiruke. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Za wilaya na mitaa ni za TARURA, iliyoanzishwa 2017. Miundombinu ya mwendokasi inasimamiwa na DART. Manispaa na Jiji wana mipangomiji na mambo ya wafanyabiashara wadogo, LATRA wana leseni za vyombo vya abiria, na polisi wa usalama barabarani wana utekelezaji wa sheria. Sasa ukitembea kutoka kituo cha mwendokasi kuingia mtaani unaweza kuvuka mipaka ya taasisi tatu ndani ya mita mia, na ndo maana njia nzuri inakatika ghafla kwenye mtaro. Sio kila mara ni uzembe wa mtu, mara nyingi mkataba wa huyu umeishia pale na wa yule haujaanza. Anza zoezi la kuchukua mtaa wako mmoja na kuandika kila kipande ni cha nani, utajifunza kuliko mihadhara mingi.

Hatua ya 2: shule

Milango mikubwa ni miwili. Wa kwanza ni uhandisi ujenzi, pale UDSM chuo cha uhandisi na teknolojia, au DIT kwa wanaopitia stashahada. Hapa PCM (fizikia, kemia, hisabati) ndo inakubeba. Wa pili ni mipangomiji, Chuo Kikuu Ardhi, na jiografia inasaidia sana kuingia. Kuna na mlango wa tatu ambao watu wanausahau, NIT pale Mabibo, chuo cha taifa cha usafirishaji, wanaotoka huko wanaelewa uendeshaji wa usafiri kuliko sisi wengine.

Upi bora? Maoni yangu, kama unapenda kushika mchoro wenyewe na kuusimamia saitini nenda uhandisi, maana mwisho wa siku mwenye kusaini mchoro ni mhandisi aliyesajiliwa. Kama unapenda swali la kwa nini watu wanaenda wanakoenda, ardhi itumikeje, soko likae wapi, nenda mipangomiji. Ila popote utakapokuwa chukua masomo ya upande wa pili kadiri ratiba inavyoruhusu. Mhandisi asiyejua kwa nini mama lishe amekaa pale kwenye njia atachora njia itakayojaa meza ndani ya wiki moja, na mpangamiji asiyejua kusoma mchoro wa mkato wa barabara anadanganywa kwenye kikao mchana kweupe.

Kama umeshamaliza chuo kwa kozi nyingine, takwimu, sosholojia, afya ya jamii, bado hujachelewa. Miradi inahitaji watu wa utafiti na wa kuongea na jamii. Utaingia kwa hatua inayofuata.

Hatua ya 3: jifunze kuhesabu watu, vizuri

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo ujuzi wa kwanza utakaokupa hela na heshima, na hauhitaji hata cheti.

Chagua sehemu moja yenye watu wengi wanaovuka, mfano Manzese Darajani, Buguruni, Mbagala Rangi Tatu, Tandika. Kabla hujaenda pita serikali ya mtaa ujitambulishe, ukiwa mwanafunzi beba barua ya chuo, maana mtu anayesimama barabarani na karatasi anaandika anaonekana anakuja kubomoa nyumba, na watu wana haki ya kuuliza. Wambie ukweli unachofanya.

Chora mstari wa kufikirika kukatiza njia, kila anayevuka mstari ule unamhesabu, mwelekeo huu na mwelekeo ule kila mmoja na safu yake. Gawa muda kwa robo saa robo saa. Asubuhi kuanzia saa 12 mpaka saa 3, jioni saa 10 mpaka saa 1 usiku, na mchana kidogo ili uone wanafunzi wa zamu na wanaotoka sokoni. Siku nzuri ni Jumanne mpaka Alhamisi. Jumatatu na Ijumaa zina tabia zake, na kama kuna msikiti jirani mchana wa Ijumaa utakupa picha ambayo sio ya siku nyingine, inafaa kuijua ila usiichanganye na wastani. Siku ya mvua kubwa iandike ni ya mvua.

Sasa safu za fomu yako. Usiandike "waenda kwa miguu" ukaishia hapo. Weka mwanaume, mwanamke, mtoto wa shule, mzee au mtu mwenye fimbo, kiti cha magurudumu, mwenye mzigo kichwani au mgongoni, anayekokota baiskeli, anayeendesha baiskeli, guta, mkokoteni. Guta na mkokoteni ni muhimu sana kwetu maana ndo zinabeba maji, mkaa, vyuma chakavu na mizigo ya Kariakoo, na miongozo mingi ya nje haizipi nafasi. Beba futi, omba ruhusa, pima upana wa guta likiwa limebeba. Hiyo namba itakuja kukutetea njia yako isichorwe nyembamba.

Afu angalia na vitu visivyo vya kuhesabu. Watu wanavuka wapi hasa? Zebra ipo hapa, wao wanavuka mita arobaini kule, kwa nini? Mara nyingi sababu ipo palepale ukitulia, kituo cha daladala kimehamia, kuna mtaro hauna daraja, zebra inaishia kwenye ukuta. Weka alama kwenye ramani. Andika nani anatembea barabarani wakati njia ipo, na chungulia njia yenyewe ina nini, gari limepaki, mfuniko wa mtaro umeibiwa, nguzo ya umeme imekaa katikati.

Ukimaliza, ingiza kwenye Excel jioni ileile ukiwa bado unakumbuka. Grafu moja ya watu kwa robo saa na ramani moja ya wanapovukia, hiyo ni ripoti tayari. Fanya maeneo matatu tofauti na utakuwa na kitu ambacho wahitimu wengi wenye GPA kubwa hawana.

Hatua ya 4: vipimo viwe kichwani

Kikaoni hakuna muda wa kufungua kitabu. Vichache vya kuanza navyo:

- Njia ya waenda kwa miguu iwe na upana wazi wa mita 2 hivi, wazi maana yake baada ya kutoa nguzo, mti na meza ya chipsi. Chini ya mita 1.8 viti viwili vya magurudumu havipishani.
- Njia ya baiskeli ya upande mmoja mita 2, ya pande mbili mita 3, na kwetu pale zinapopita guta usikubali chini ya hapo.
- Mteremko wa kupandia kiti cha magurudumu usizidi 1 kwa 12, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za kwenda mbele.
- Kisiwa cha kusubiria katikati ya barabara kiwe na mita 2, baiskeli yenyewe ina urefu wa kama mita 1.8, kisiwa kikiwa chembamba gurudumu linabaki kwenye njia ya malori.
- Nondo za mfuniko wa mtaro zikatize njia ya baiskeli. Zikilala sambamba na mwelekeo wa safari zinameza tairi.

Ukishazijua zitumie kufanya hesabu ndogondogo, ndo zinabadilisha mawazo ya watu. Chukua barabara ya njia nne, kila moja mita 3.5, jumla mita 14. Mtu mzima anatembea kama mita 1.2 kwa sekunde, anahitaji karibu sekunde 12 kuvuka. Bibi anayeenda mita 0.8 kwa sekunde anahitaji zaidi ya 17. Kama taa inatoa sekunde 8 basi hiyo taa haijawekwa kwa ajili ya bibi.

Au chukua daraja la juu la kuvukia, maana kila ikitokea ajali watu wanaomba daraja la juu. Chini ya daraja inabidi lori lipite, mita 5.5, ongeza unene wa sakafu, unafika kama mita 6. Ukigawa kwa ngazi za sentimita 16 au 17 hivi ni ngazi kama 36 kupanda, na 36 kushuka, umebeba ndoo. Ukisema uweke mteremko wa viti vya magurudumu kwa 1 kwa 12 ni mita 72 kila upande bila hata sehemu za kupumzikia. Ukilijua hili unaelewa kwa nini watu wanapita chini ya daraja, na unaacha kuwaita wakaidi. Kwenye barabara nyingi za mjini zebra iliyoinuliwa kama tuta pana, na kisiwa katikati, inahudumia watu wengi zaidi kwa pesa ndogo sana. Daraja la juu lina mahali pake, kwenye barabara kubwa ya kasi, sio jibu la kila shule.

Na kasi. Sheria yetu inasema kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Dereva akihitaji sekunde moja na nusu kushtuka, kwa 30 kwa saa anasimama ndani ya kama mita 18 barabara ikiwa kavu na breki nzima. Kwa 50, ndani ya hiyo sekunde moja na nusu peke yake gari limeshatembea karibu mita 21. Mtoto akichomoka mita 20 mbele, wa 30 amesimama, wa 50 hajagusa breki. Mimi hii hesabu nikiifanya ubaoni huwa naona watu wanaacha simu.

Kuna swali moja halina jibu zuri ulijue mapema, bodaboda kwenye njia za waenda kwa miguu. Ukiweka nguzo fupi kuzuia, usukani wa pikipiki ni kama sentimita 80, kiti cha magurudumu kinahitaji nafasi ya 90 kupita kwa raha. Kinachompitisha mlemavu kinampitisha na bodaboda. Kwa hiyo nguzo ni za kuzuia magari tu, bodaboda unamshughulikia kwa kumpa kijiwe rasmi karibu na kituo, kumpunguzia sababu ya kukatiza, na usimamizi wa polisi. Mtu akikuuzia nguzo kama dawa ya bodaboda mwombe apite nazo yeye akiwa kwenye kiti.

Usisahau kivuli. Miongozo ya usanifu wa mitaa na njia za baiskeli ya NACTO ya Marekani na CROW ya Uholanzi ni mizuri sana, isome, ila imeandikwa na watu ambao hawatembei saa nane mchana Februari ya Dar. Mwarobaini mmoja kila mita kadhaa unaamua kama mtu atatembea au atapanda bajaji. Mwongozo wa usanifu wa barabara wa Wizara ya Ujenzi wa 2011 uwe nao pia maana ndo utakaoulizwa.

Hatua ya 5: kompyuta

QGIS, programu ya ramani ya bure, jifunze mpaka uweze kutengeneza ramani safi. OpenStreetMap, ile ramani ya wazi ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe, na hapa Dar tuna bahati kwa sababu mradi wa Ramani Huria ulianza 2015 ukafundisha wanafunzi na wananchi kuchora kata zao, mitaa na mitaro, na zile data zipo wazi. KoboToolbox kwa kukusanya data kwa simu. AutoCAD kwa michoro, walau uweze kufungua na kupima. Excel uijue kwelikweli. Basi, usizame kwenye programu kumi ukaacha kutembea.

Kozi za bure mtandaoni zipo pia, kama ile ya Chuo Kikuu cha Amsterdam pale Coursera kuhusu mji wa baiskeli. Itafute usiku bando likiwa rahisi.

Hatua ya 6: mguu wa kwanza ndani

Fildi yako usiifanye popote tu ili upate muhuri. Omba TARURA wilayani, kitengo cha mipango cha manispaa, au kampuni ya ushauri yenye mradi wa barabara mjini. Ukiwa huko omba upewe zile kazi ambazo hakuna anayezitaka, kuhesabu watu, kukagua mitaro, kuandika muhtasari wa kikao cha wananchi.

Nje ya serikali, soma kazi ya shirika la Amend na mradi wake wa SARSAI. Walichukua shule za msingi ambazo watoto wanagongwa zaidi, wakatengeneza njia ya kutembelea, matuta, zebra, alama, geti kuhamishwa lilipobidi. Vitu vya bei ndogo. Afu wakapima kabla na baada, majeruhi wakapungua kama robo hivi, na 2019 wakapata tuzo ya miji ya WRI Ross ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Mimi nawaambia wanafunzi waangalie hasa hicho kitendo cha kupima, matuta wengi wanajenga ila wachache wanarudi kuhesabu. Kuna UWABA pia, umoja wa waendesha baiskeli wa Dar, nenda uendeshe nao, mpangaji wa njia za baiskeli ambaye hajawahi kupita Morogoro Road na baiskeli saa 1 asubuhi anajidanganya. Kwa nje kidogo, ITDP (shirika la kimataifa la sera za usafiri) na UN-Habitat (shirika la Umoja wa Mataifa la makazi) wana ofisi Nairobi na wanafanya kazi hizi kanda nzima. ITDP ndo wanaoratibu ile Tuzo ya Usafiri Endelevu ambayo Dar iliipata ya 2018 kwa ajili ya mwendokasi ulioanza 2016.

Unapoomba usitume wasifu mtupu. Ambatanisha kurasa mbili: ramani yako, grafu yako, picha moja ya tatizo, mchoro mmoja wa unachopendekeza, na bei ya kukadiria. Kurasa mbili, wakubwa hawana muda.

Hatua ya 7: kikao

Njia za waenda kwa miguu haziuawi kwenye mchoro, zinauawa pale bajeti inapobana na mtu anasema "tupunguze hizi za pembeni". Kwa hiyo jifunze BOQ, yaani lile jedwali la kazi na bei zake, ujue mistari ya njia zako iko wapi na ni asilimia ngapi ya mradi. Mara nyingi ukionyesha kwamba ni kipande kidogo cha gharama na watumiaji wake ni wengi kuliko wenye magari, na hesabu unazo, sauti inashuka mezani. Na kama inabidi kitu kikatwe uwe na la kutoa, mfano vigae vya rangi vitoke ibaki zege ya kawaida, ila upana usiguswe.

Kingine, hadidu za rejea, yaani ile karatasi inayosema mshauri wa mradi atafanya kazi gani. Zinaandikwa mapema kabisa kabla mhandisi mshauri hajapatikana, na kama hazijasema ahesabu waenda kwa miguu hatahesabu, na ukimdai baadaye anakuambia ni kazi ya ziada lipa. Sentensi moja ukiiwahi pale inazidi kelele za mwaka mzima. Miradi yenye fedha za Benki ya Dunia kama DMDP, ule wa kuboresha miundombinu ya Dar, ina masharti ya kushirikisha wananchi na usalama barabarani, yasome, ni mlango wako halali wa kuingiza hoja.

Kwenye kikao cha wananchi ongea Kiswahili cha watu. Anza na wazee na akina mama wa mtaa, waambie wakuonyeshe wanapopita. Machinga uwaite kabla, uwachoree na sehemu yao pembeni ya njia, ukiwafuta kwenye mchoro watarudi kwenye njia kwa sababu wateja wapo pale. Lakini ripoti utaiandika kwa Kiingereza, hivo usikipuuze, wengi wenye mawazo mazuri wanakwamia kwenye kuandika.

Hatua ya 8: usajili na mbele zaidi

Mhandisi, jisajili ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, kama mhandisi mhitimu mara tu ukimaliza, kisha tafuta nafasi ya SEAP, ule mpango wa mafunzo ya miaka mitatu chini ya mhandisi mlezi, waombe wakupangie barabara za mjini. Wa mipangomiji wana bodi yao ya usajili. Bila usajili utabaki msaidizi wa watu, hata ukijua vipi.

Shahada ya uzamili inafaa zaidi ukishakuwa na miaka miwili mitatu ya kazi, utajua unakwenda kusoma nini. Uholanzi wana vyuo vizuri kwa baiskeli na kuna ufadhili unaotangazwa, ila fanya utafiti wako kuhusu Dar, sio Utrecht. Kamati zinapenda kitu kipya na huku kwetu karibu kila mtaa haujapimwa.

Kipato: serikalini ni ngazi za kawaida za mishahara, kuna utulivu na kuna nguvu ya kubadilisha barabara nyingi polepole. Kwenye ushauri unalipwa kwa mradi, miezi mingine imejaa na mingine mikavu, weka akiba. Wengi wanaanza ushauri au mashirika, wanaingia serikalini baadaye, au kinyume chake, zote zinaenda. Ukipata ofa mbili uliza swali moja kabla ya mshahara: "nani anasaini mchoro wa mwisho, na nitakuwa chumba kimoja naye?" Kama jibu ni hapana kwa zote mbili, chukua ile inayokutoa ofisini mara nyingi zaidi.